Ombi kwa madiwani wa Kisarawe na Jiji la Dar: anayekata mashamba kuwa viwanja achangie kulinda vilima vya Pugu

Mwana wa Mzenga (mwanzisha uzi)

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine habari za kazi.

Jumamosi iliyopita nilishuka kwa miguu kutoka Kisarawe mjini hadi Pugu Kajiungeni. Njia hiyo naijua tangu nikiwa mdogo, nikimfuata babu na kapu la korosho. Zamani ukifika kwenye mteremko ulisikia maji kabla hujayaona. Safari hii nilisikia greda. Shamba la mikorosho lililokuwa mkono wa kushoto limesafishwa lote, udongo mwekundu uko wazi, vigingi vimechomekwa, na kibao kimesimama: viwanja vinauzwa, lipa kidogo kidogo. Bikoni moja, alama ya mpaka wa kiwanja, imechimbiwa hatua kumi na mbili kutoka kwenye kijito. Nilizihesabu.

Sina ugomvi na mtu anayetafuta pa kujenga. Sensa ya 2012 iliikuta Dar es Salaam na watu milioni 4.36, ya 2022 ikakuta milioni 5.38. Watu hao lazima walale mahali, na mji unapanda huku kwetu kwa sababu kule chini kumejaa. Linalonisumbua ni hesabu ya nani anapata na nani analipa.

Kijito kile ni kimoja kati ya vile vinavyouzaa mto Msimbazi. Mto unaanzia vilima vya Pugu, unapita Ulongoni, Kinyerezi, Tabata, Vingunguti, Kigogo na Jangwani, unaingia baharini pale daraja la Salenda. Ni mwendo wa kama kilomita 35 tu. Mvua ikipiga udongo ulioachwa mtupu huku juu, udongo unateremka na maji, unatua pale mto unapopoteza kasi, na hapo ni Jangwani. Mkondo unajaa mchanga, maji yanakosa pa kupita, yanapanda barabarani. Tunazibua, masika yanayofuata yanajaza tena. Kinachofungia barabara ya Morogoro pale Jangwani ni mashamba ya huku kwetu yanayosafiri.

Desemba 2011 mafuriko yaliua watu kama 40 Dar, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ikaidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya bonde la Msimbazi: daraja la Jangwani, kuhamisha watu, kutengeneza bonde upya. Naunga mkono mradi huo. Lakini mkopo huo utalipwa na Mtanzania wa Kigoma na wa Lindi ambaye hajawahi kuuona Msimbazi, wakati aliyegeuza shamba la mteremkoni kuwa viwanja 300 ameshachukua faida yake na kuhamia shamba jingine.

Hoja yangu ni hii. Halmashauri ya Wilaya ya Kisarawe na Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam zitunge sheria ndogo ya ada ya hifadhi ya ardhi. Kila anayeomba kuidhinishiwa ugawaji wa shamba kuwa viwanja, na kila anayeomba kibali cha ujenzi, atoe kiasi. Fedha hiyo iwe na akaunti yake, na itumike kwa jambo moja tu: kulinda miteremko na vyanzo vya maji ambavyo bado havijajengwa.

Mtaniambia sheria tayari ipo. Ni kweli, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Lakini katazo halina mfuko wa fedha. Mzee mwenye ekari tatu kando ya kijito akiambiwa usijenge, usiuze, na hapewi kitu mkononi, atauza. Njaa yake haisomi sheria. Mfuko ungemwezesha afisa ardhi kumwendea mzee huyo na fidia, au na malipo ya kila mwaka, kabla kampuni ya viwanja haijafika.

Naomba tuchambue. Nataka kuwaandikia madiwani kabla bajeti hazijafungwa.

Fundi Chanika

Mkuu, uchungu wako nauelewa, ila mimi najenga kwa mikono yangu na naona mteja anavyohangaika. Mtu anakusanya tofali miaka minne. Analipia kiwanja, upimaji, hati, kibali cha ujenzi, halafu nguzo ya umeme na bomba la maji. Kodi ya jengo nayo tunalipa kwenye LUKU tangu 2021. Ukimwongezea ada nyingine hataenda kuomba kibali. Atajenga usiku na Jumapili kama wenzake wanavyofanya. Sehemu kubwa ya nyumba za Dar ziko kwenye makazi yasiyopangwa na hazijawahi kuona kibali. Ada yako itamkamata yule mtiifu peke yake.

Mama Ulongoni

Niseme neno kwa upande wa huku chini.

Nyumba yangu ilikuwa hatua thelathini kutoka mtoni tulipohamia. Hatukujenga mtoni, mto ndio umetufuata. Kila masika ukingo unamegeka, na leo kutoka ukuta wa jiko hadi kwenye korongo ni kama hatua saba. Choo kilishakwenda. Mwaka daraja lilipokatika watoto walikaa nyumbani wiki mbili, na mwenye mgonjwa alizunguka mbali sana kutafuta hospitali.

Kaka Fundi, najua mjenzi anaumia. Na sisi tunalipa, ila hatupewi risiti. Tunalipa mifuko ya mchanga, tunalipa ukuta, tunalipa mtu wa kubeba godoro kichwani usiku wa manane. Kama huko juu kuna watu wanaweza kuchangia kidogo ili maji yashuke polepole, mimi nitatia sahihi hata kwa dole gumba.

Mpima Viwanja

Nafanya kazi ya upimaji, miaka kadhaa sasa, mara nyingi kwa kampuni hizo hizo mnazozitaja. Nadhani mwanzisha uzi amelenga panapostahili ila ameshika vitu viwili kwa mkono mmoja, na Fundi amempiga pale palipo dhaifu.

Kuna mlango wa kwanza na mlango wa pili. Mlango wa kwanza ni pale kampuni inaponunua ekari 50 za mkulima, inaandaa mchoro wa mipangomiji, unapita kwa afisa mipango miji na kamati, unaidhinishwa, ndipo sisi tunachimbia bikoni na ramani ya upimaji inasajiliwa. Mlango wa pili ni mnunuzi mmoja mmoja, baadaye, akija na ramani ya nyumba yake kuomba kibali, siku hizi kwenye TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri.

Mlango wa pili unakwepeka, kama alivyosema Fundi. Mlango wa kwanza haukwepeki kirahisi, kwa sababu bila mchoro ulioidhinishwa hakuna upimaji, bila upimaji hakuna hati, na bila ahadi ya hati kampuni haiuzi kwa bei ile. Hapo ndipo faida inapozaliwa. Shamba huuzwa kwa ekari na kiwanja huuzwa kwa mita ya mraba, na tofauti ya bei hizo mbili mnaijua.

Tuchukue mfano wa hesabu, si takwimu ya halmashauri yoyote. Ekari 50 ni kama mita za mraba 202,000. Toa barabara, shule, eneo la wazi. Zibaki 140,000 za kuuza, sawa na viwanja 350 vya mita 400. Ada ikiwa shilingi 300 kwa kila mita inayouzwa, mradi mmoja umetoa milioni 42. Kwa mnunuzi wa kiwanja kimoja, hata kampuni ikimrudishia mzigo wote, ni shilingi 120,000 mara moja maishani. Weka miradi kumi kwa mwaka kwenye wilaya moja, mtaona mfuko unaanza kuwa na uzito.

Jambo jingine nimelishuhudia mara nyingi kiasi cha kuliona la kawaida, na siyo la kawaida. Mchoro unaonyesha eneo la wazi, rangi ya kijani. Miaka mitatu baadaye unapita hapo unakuta msingi. Kwenye karatasi bado ni kijani.

Mnunuzi wa Viwege

Hilo la mwisho limenigusa. Nilionyeshwa mchoro wenye kiwanja cha michezo cha watoto nyuma ya kiwanja changu, nikalipa kwa miezi 18. Leo pana nyumba tatu. Nilipouliza ofisini kwa waliouza wakanijibu kuwa mchoro "ulirekebishwa". Nani aliurekebisha, sijajua mpaka leo. Naunga mkono hoja.

Mkweli Daima

Mimi sipingi kulinda vilima. Napinga kuwapa watu fedha nyingine. Tuna kumbukumbu fupi. Ile mikopo ya asilimia 10 ya wanawake, vijana na wenye ulemavu iliwekwa kwenye sheria kabisa, na CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, akaandika mwaka hadi mwaka kuhusu mikopo isiyorejeshwa na vikundi visivyoonekana, hadi 2023 ikabidi isimamishwe. Hiyo ilikuwa na kifungu cha sheria. Ya kwenu itakuwa na sheria ndogo. Miaka miwili itakuwa imenunua magari na kulipa posho za vikao vya "mazingira", na kilima kitakuwa kimekwisha.

Mwana wa Mzenga

Nimesoma wote kwa makini, na nimebadilika kidogo.

Mpima Viwanja amenifungua macho. Naondoa mjenzi mmoja mmoja kwenye pendekezo, walau kwa nyumba ya kawaida ya familia. Ada ikae kwenye mlango wa kwanza: ugawaji wa mashamba, na majengo makubwa ya biashara, maghala na viwanda. Fundi, natumaini hapo tumekutana.

Mkweli, sina jibu jepesi kwako. Ila uangalie pia upande wa pili wa mfano wako: asilimia 10 ilisimamishwa ikarudi mwaka uliofuata na utaratibu mpya. Ilirudi kwa sababu watu walijua ni haki yao na walikuwa wanaiulizia. Fedha isiyo na jina hakuna anayeiulizia. Mapato ya viwanja leo yanaingia kwenye chungu cha jumla na hakuna kikundi hata kimoja kinachoweza kusimama barazani kusema "yetu iko wapi". Mimi nataka tuwe na cha kuulizia.

Tunalonunua nalo tulitaje. Msitu wenyewe wa Pugu na Kazimzumbwi ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS, wakala wa serikali wa misitu, una mipaka na askari, ingawa wachoma mkaa waliutesa miaka mingi. Humo bado yumo komba wa Rondo, kanyama kadogo ka usiku kasikopatikana popote duniani isipokuwa kwenye vipande vichache vya misitu ya pwani ya Tanzania. Lakini msitu umezungukwa na mashamba, na maji hayajui bango la TFS. Mabonde madogo, miteremko, vichaka kati ya hifadhi na barabara, hivyo ndivyo havina mwenyewe wa kuvitetea. Vikishajengwa vyote, hifadhi itabaki kisiwa katikati ya mabati.

Mbongo wa Riverside

Nipo kusini mwa California, nimefanya kazi kwenye idara ya mipango ya mji mmoja huku, kwa hiyo nitasema ninachokijua.

Huku mfumo huu ni wa kawaida. Bonde la Coachella lilianza 1986 kwa sababu ya mjusi mmoja wa mchangani aliyekuwa anaishiwa na makazi: aliyetaka kujenga kwenye eneo lake alilipa dola 600 kwa ekari, fedha ikanunua ardhi ya hifadhi. Hapa magharibi mwa Riverside kaunti na miji yake waliweka mpango mkubwa zaidi mwaka 2003. Lengo ni hifadhi ya ekari 500,000. Karibu 347,000 zilikuwa tayari mikononi mwa umma, zilizobaki 153,000 ndizo za kutafuta. Kila nyumba mpya inalipa ada, na ukanda wa hifadhi umechorwa kwenye ramani kabla hata fedha haijaanza kuingia.

Nimejifunza mambo mawili yanayowahusu. La kwanza, ada iliwekwa chini mno mwanzoni, bei ya ardhi ikaikimbia, ununuzi ukachelewa miaka mingi, na baadaye ikabidi waipandishe kwa kishindo. Mkiweka kiasi, wekeni pia kifungu cha kukipitia kila baada ya muda fulani.

La pili ni la kisheria. Mahakama ya Juu ya Marekani imeshasema mara kadhaa kwamba ada ya namna hii lazima ihusiane na madhara ya ujenzi wenyewe na ilingane nayo. Aprili 2024 ilitoa hukumu ya mtu wa kaunti ya El Dorado aliyetozwa zaidi ya dola 23,000 za barabara ili apewe kibali cha kuweka nyumba ndogo. Ikasema ada haikwepi kipimo hicho kwa sababu tu imepitishwa na baraza. Sheria ya Marekani haifungi mtu Kisarawe, lakini akili yake ni nzuri: mwenye mradi mteremkoni karibu na kijito alipe zaidi ya mwenye mradi tambarare mbali na maji. Mkilitenganisha hilo, hata kampuni zitashindwa kusema zinaonewa.

Mstaafu wa Masijala

Vijana, mmeongea vizuri. Nimekaa masijala ya halmashauri moja mkoa wa Pwani miaka 22, nimepiga mihuri sheria ndogo nyingi. Niwaeleze njia yake isije ikawavunja moyo.

Rasimu huandaliwa na wataalamu, inapita Kamati ya Uchumi, Ujenzi na Mazingira na ile ya Fedha. Wananchi hutangaziwa ili watoe maoni au pingamizi. Hatua hii mara nyingi tangazo hubandikwa ubaoni na hakuna anayelisoma, ndiyo maana mnashtuka tozo ikishapita. Baraza la Madiwani likishapitisha, inakwenda kwa Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI, akiridhia inatangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Bila hapo haina nguvu.

Sasa kikwazo. Tangu mpango wa 2018 wa kuboresha mazingira ya biashara, serikali kuu imekuwa ikifuta tozo, siyo kuongeza. Rasimu yenu ikifika Dodoma ikiwa imeandikwa "tozo mpya" itarudi. Kwa hiyo ushauri wangu, anzeni na kilichopo. Halmashauri tayari inakusanya ada za vibali vya ujenzi na mapato yatokanayo na ardhi. Ombeni Baraza litenge asilimia fulani ya hayo kwa hifadhi kwenye bajeti ya mwaka ujao wa fedha. Hilo ni uamuzi wa Baraza lenyewe na bajeti yake. Likishazoeleka na kazi ikionekana, ndipo mpeleke ada ya ugawaji wa mashamba mkiwa na ushahidi mkononi.

Na jambo ambalo wote mmeliruka: Msimbazi unaanzia mkoa wa Pwani na unaua watu mkoa wa Dar es Salaam. Diwani wa Kisarawe atawauliza, na atakuwa na haki: kwa nini wilaya yangu ijinyime viwanja ili Jangwani pakauke? Jiji lina mapato makubwa zaidi. Lazima na Jiji liweke mkono mfukoni, na fedha ya Jiji ivuke mpaka ije kulinda kilima cha Kisarawe. Wakutanisheni mapema. Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu inahusika pande zote mbili, inaweza kuwa meza yao.

Mkazi wa Kitengela

Hamjambo wenzangu wa Tanzania. Nawasoma kutoka Kajiado na ni kama mnatusimulia sisi, ila mko nyuma yetu kwa miaka 25, kwa hivyo bado mna nafasi.

Mbuga ya Nairobi ilianzishwa 1946, ina kilomita za mraba 117 tu, na imezungushwa ua pande tatu. Upande wa kusini uliachwa wazi ili wanyama watoke kwenda nyanda za Kitengela wakati wa mvua. Nyanda hizo zilikuwa ranchi ya kikundi, zikagawanywa kwa wenyewe mmoja mmoja, halafu wakaanza kuuza. Mwishoni mwa miaka ya sabini nyumbu waliohesabiwa katika eneo zima la Athi-Kaputiei, ambamo Kitengela imo, walizidi 20,000. Kufikia 2011 walikuwa wamebaki elfu chache.

Mwaka 2000 ulianza mpango wa kuwalipa wafugaji shilingi 300 za Kenya kwa ekari kwa mwaka ili wasiweke ua, wasilime, wasichimbe mawe. Pesa ziligawanywa zije wakati wa kufungua shule, karo ikalipika. Watu waliupenda. Tatizo ni kwamba uliegemea wafadhili. Wafadhili wakipungua, malipo yanakwama, na mzee mwenye karo ya mtoto mezani hasubiri. Wakati huo huo, kila ploti iliyouzwa Kitengela mjini ilikuwa ikimtajirisha mtu papo hapo. Sheria yetu ya mipango ya 2019 inazipa kaunti uwezo wa kumtoza ada anayeomba kibali cha kuendeleza ardhi. Laiti ingekuwepo 2000, na sehemu ya ada hiyo ingeenda kwa hao wafugaji, tungekuwa tunaongea mengine leo.

Simanjiro Kwetu

Naongezea mfano wa nyumbani. Kijiji cha Terrat, Simanjiro, mwaka 2005 kiliingia mkataba na makampuni ya utalii. Kijiji kilitenga nyanda za malisho zisilimwe wala zisijengwe, zaidi ya hekta 9,000, ambako wanyama wa Tarangire wanakuja kuzalia. Kwa malipo hayo, kama dola 5,000 kwa mwaka mwanzoni, kijiji kiliendelea kuchunga ng'ombe pale pale. Hakuna aliyehamishwa. Ardhi ilibaki ya kijiji, mikutano ya kijiji ndiyo ilijua fedha imefanya nini.

Nasema hivi kwa sababu wengine mkisikia "hifadhi" mnafikiria kufukuzwa watu. Mkikosea hapo mtapoteza wazawa wote.

Binti Kazimzumbwi

Ndiyo, hapo hapo kaka.

Familia yetu iliuza ekari nne mwaka juzi. Baba alikuwa mgonjwa, tulihitaji fedha ya matibabu, na mnunuzi alikuwa mmoja tu: kampuni ya viwanja. Tulipewa bei ya shamba. Sasa napita naona bei ya mita moja kwenye kibao chao, na sitaki kuandika hapa nilivyojisikia. Shamba lile lilikuwa na chemchemi chini ya mwembe. Majirani wote walichota pale. Imefukiwa kwa kifusi.

Kama siku ile angetokea mtu wa halmashauri akasema, mama, sehemu ile ya chemchemi msiuze, tutawalipa sisi, nyie endeleeni kuvuna maembe, tungeuza ekari mbili za juu na kubaki na za chini. Hakuna aliyetokea. Kwa hiyo ninaomba kwenye barua yenu liwemo neno hili: mfuko uwe na fedha tayari, siyo ahadi. Mgonjwa hasubiri kikao cha robo mwaka.

Fundi Chanika

Dada pole sana kwa yote. Na mimi nimerudi kusema kwamba kwa marekebisho ya mwanzisha uzi, naunga mkono. Nyumba ya familia isiguswe.

Mkweli Daima

Nitaunga mkono kwa masharti, na naomba yaandikwe. Akaunti iwe ya peke yake. Kila robo mwaka orodha ibandikwe kwenye ofisi za kata na mitaa: mradi gani umelipa, kiasi gani, na fedha imelinda kipande gani, kwa namba yake. Posho na magari marufuku ndani ya mfuko huo. Na kila kipande kikishalindwa kiwekewe bikoni na kibao ili hata mtoto wa shule ajue. Bila hivyo nitakuwa wa kwanza kupinga.

Mwana wa Mzenga

Nimeweka yote. Hii hapa rasimu, rekebisheni.

*Mheshimiwa Diwani,*

*YAH: OMBI LA KUTENGA FEDHA ZA KULINDA VYANZO VYA MTO MSIMBAZI KUTOKANA NA MAPATO YA UENDELEZAJI WA ARDHI*

*Sisi wakazi wa kata za juu na za chini za bonde la Msimbazi tunaomba Baraza lako lifanye yafuatayo.*

*Katika bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai 1, litenge sehemu ya mapato yatokanayo na vibali vya ujenzi na ardhi kwa ajili ya kulinda miteremko na chemchemi ambazo hazijajengwa. Kiwango kiamuliwe na Baraza, tunapendekeza kisipungue asilimia 5.*

*Kabla fedha haijatumika, maofisa mipango miji, ardhi na mazingira wachore ramani moja ya maeneo ya kulindwa, kwa kushirikiana na wenyeviti wa vijiji na mitaa, na ramani hiyo ibandikwe wazi.*

*Wenye mashamba ndani ya ramani hiyo wapewe nafasi ya kuchagua: fidia kamili, au malipo ya kila mwaka wakiendelea kumiliki na kuvuna miti yao. Asiondolewe mtu kwa nguvu. Kiasi fulani kibaki tayari mfukoni wakati wote kwa ajili ya mwenye shamba mwenye dharura.*

*Baada ya mwaka mmoja, Baraza liandae sheria ndogo ya ada kwa miradi ya kugawa mashamba kuwa viwanja na kwa majengo makubwa ya biashara, ada iwe kubwa zaidi kwenye miteremko na karibu na maji, na ipitiwe upya kila miaka mitatu. Nyumba ya kawaida ya familia isihusike.*

*Akaunti iwe ya peke yake, taarifa yake ibandikwe kila robo mwaka kwenye kila ofisi ya kata, na isitumike kwa posho, safari wala magari.*

*Halmashauri ya Wilaya ya Kisarawe na Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam zikae meza moja, kwa kuwa maji ni yale yale.*

Mstaafu wa Masijala

Barua ni nzuri. Fanya nakala tatu: kwa Diwani, kwa Mkurugenzi, na kwa Mwenyekiti wa Halmashauri, kule Jiji iwe kwa Meya. Kila nakala igongwe muhuri wa kupokelewa na wewe ubaki na yako yenye tarehe. Barua isiyo na muhuri haikufika. Sahihi ziambatanishwe na jina la kata ya kila mmoja, madiwani huangalia hapo kwanza.

Mama Ulongoni

Sahihi za huku nakusanya mimi, mtaa kwa mtaa. Nina daftari tayari. Baraza la Kisarawe wanaruhusu watu wa Dar kuingia kusikiliza?

Mstaafu wa Masijala

Mkutano wa Baraza ni wa wazi, mama, mwananchi yeyote anaingia na kukaa. Kuongea ndiyo huruhusiwi, diwani ndiye atakusemea. Kwa hiyo umwone siku moja kabla.

Mwana wa Mzenga

Nimeshapata miadi naye Alhamisi saa tatu asubuhi, ofisi ya kata. Mama, ukipanda daladala ya Kisarawe mapema utanikuta kituoni. Binti Kazimzumbwi, kama unaweza, njoo na wewe. Nataka diwani aisikie habari ya chemchemi kutoka kinywani mwako.

Binti Kazimzumbwi

Nitakuja na mama.